UZI: Shilingi yetu ya Kenya na ya Tanzania zilianza sawa 1966, leo moja yapata ishirini. Nani alijaza pesa zaidi?

Baharia_wa_Langoni:
Wadau wa Amu, Malindi na kwengineko, asalaam aleikum. Nauleta huu uzi kwa sababu ubishi wa barazani umenichosha. Mmoja yuwasema pesa za Tanzania ni karatasi tu, elfu kumi yao ni mia tano yetu. Mwengine yuwasema la, wenzetu ni matajiri, ujazi wao wa fedha ni matrilioni kwa matrilioni kutushinda sisi. Na wote wawili namba walizotoa ni za kweli, hapo ndo patamu.

Mwisho wa 2024 ujazi wa fedha wa Kenya, yaani jumla ya pesa zilizo mikononi na benki, ule mpana unaoitwa M3, ulikuwa karibu shilingi trilioni 6. Wa Tanzania kama trilioni 50. Ukisoma hivohivo utasema wana pesa mara nane yetu. Haya zigeuze zote ziwe dola: ya kwetu yatoka bilioni 46 hivi, yao 20 na kitu. Na wao ndo wengi, sensa yao ya 2022 ilitoa watu milioni 61.7, yetu ya 2019 milioni 47.6. Kwahivo namba mbichi hazina maana hapa, cha maana ni kila upande umeongeza vipi tangu siku waliyoachana, na hio siku yajulikana.

Kabla ya 1966 ilikuwa shilingi moja ya Afrika Mashariki kutoka Lamu mpaka Mtwara mpaka Kampala, ikitolewa na Bodi ya Sarafu iliokuwa London mpaka 1960, kisha Nairobi. 1966 Tanzania ikafungua benki kuu yake mwezi Juni, sisi Septemba, na dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14 kote kote. Mimi nataka tuangalie kitu kimoja ambacho hata asiyejua hesabu atakiona, noti kubwa kabisa ya kila nchi. 1966 zote mbili mwisho wao ni mia. Sisi tukatoa 200 mwaka 1986, 500 mwaka 1988, elfu mwaka 1994, na hapo tumesimama mpaka leo. Wao elfu yao ilitoka 1990 na kufika 1995 washakuwa na noti ya 10,000. Nchi haitoi noti ya elfu kumi kwa kupenda mapambo, ni vile za chini zimejaa mpaka mtu akienda kununua baiskeli abebe mfuko.

Sa swali, kwanini wao na sio sisi? Karibuni.

Chapaa_Malindi:
Rahisi tu kaka, wao walichapisha ovyo sisi tukatulia. Uzi ufungwe 😂

BintiMambrui:
Usifunge bado @Chapaa_Malindi, sisi pia tulichapisha, ntafika huko. Lakini kwanza tuwekane sawa hii M3 ni nini maana nyote mwaongea kana kwamba ni noti. Noti na sarafu zilizo mikononi mwa watu ni kidogo sana ndani yake. Kubwa ni pesa zilizoandikwa benki: akaunti za kuweka na kutoa, akiba za muda, na hata dola ambazo mkaazi wa hapa amezihifadhi benki ya hapa. Na pesa za benki nyingi hazikutoka kwa mtambo wa kuchapa, zilitoka kwa mkopo. Wewe ukienda benki Malindi ukakopeshwa laki tano ya injini ya boti, hakuna mtu aliyepunguziwa laki tano zake, benki yakuandikia tu kwenye akaunti na hapo ujazi umeongezeka laki tano. Ukimlipa muuza injini zahamia kwake. Ukirudisha mkopo zapotea. Benki kuu kazi yake ni kubana au kulegeza, kwa riba na kwa ile sehemu ya amana ambayo benki lazima iilaze kwake.

Alafu hizo dola zilizo ndani ya M3 zina ujanja wake. 2023 shilingi yetu ikishuka kila wiki, mtu mwenye dola elfu kumi benki hakuongeza hata senti lakini kwenye hesabu za shilingi amana yake yapanda tu. M3 ya Kenya mwaka huo iliruka sana, na sehemu nzuri ya huo mruko ilikuwa hewa ya namna hio. Mwaka uliofuata shilingi ilipopata nguvu, ukuaji ukalala. Mtu asome grafu hio bila kujua hili atasema Benki Kuu ililewa 2023 ikapata fahamu 2024.

Mzee_wa_Mkunguni:
Wanangu nawasoma. Mimi shilingi ya Bodi niliishika. Ile ilikuwa haichapwi kwa kutaka mtu, shilingi ilikuwa imeshikiliwa na pauni zilizowekwa London, kwahivo pamba na kahawa na mkonge zikiuzwa vizuri ng'ambo pesa zaja kwa wingi, zisipouzwa pesa zakauka mpaka boriti za Lamu zakosa mnunuzi. Hakuna serikali ilioweza kujikopesha ovyo. Huo ndo mfungo uliofunguliwa 1966. Watu walifurahi, na haki yao, lakini ukishafunguliwa kila mmoja huonekana tabia yake.

1977 jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983. Sisi wa majahazi ndo tulioona tofauti kwa macho. Kwenye karatasi za benki shilingi yao na yetu zilikuwa karibu sawa, lakini ukifika Tanga usiku hakuna mtu aliyetaka kuuza kwa bei hio. Kibuyu cha mafuta ya kupikia, sabuni ya mche, dawa ya meno, ukiwa navyo wewe ni mfalme. Walikuwa na pesa mfukoni, vitu ndo hakuna. Mtu akikupa bunda lake waona uzito wake lakini hujui utalifanyia nini maana huko kwao hakuna cha kununua na huku kwetu hapokei mtu.

Baharia_wa_Langoni:
Shikamoo Mzee. Hii ndo nlikuwa naisubiri. Na namba zamuunga mkono kabisa: mwaka 1985 dola ilikuwa shilingi 16 na kitu kwetu na 17 na nusu kwao, rasmi. Yaani miaka 19 baada ya kuachana bado zaonekana pacha! Kufika 1990 yetu 23, yao 195. Sio kwamba miaka hio mitano ndo walichapisha zote, zilikuwa zishachapwa zamani, bei rasmi ndo ilikuwa imezifunika.

Mzee_wa_Mkunguni:
Marahaba mwanangu. Ndivo hasa.

BintiMambrui:
Shikamoo Mzee. Naongezea zilichapwaje maana "ovyo" sio jibu. Baada ya Azimio la Arusha 1967 benki zote zikawa za serikali, kubwa yao ni NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Mashirika ya umma na zile mamlaka za mazao, zilizochukua kazi ya vyama vya ushirika vilivyofutwa 1976, zilikuwa zikipata hasara mwaka baada ya mwaka, na NBC haiwezi kuzinyima, yazikopesha tena. Ule mkopo wa boti niliousema juu, sasa fikiria boti hairudi na benki yakopesha tena na tena. Juu yake mafuta yakapanda 1973 na tena 1979, na katikati hapo vita vya Kagera, 1978 na 1979, vikalipwa kwa kuikopa benki kuu. Bidhaa zapungua pesa zaongezeka. Serikali ikadhibiti bei, kwahivo bei hazikupanda dukani, vitu vikahamia uchochoroni. 1983 waziri mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, watu wakatupa bidhaa baharini kwa kuogopa kukamatwa nazo. Lakini mlanguzi hakuumba hizo pesa, alizikuta.

Na kuna watu walioliona mapema. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa benki kuu yao, ndo alikuwa waziri wa fedha 1979, akataka wakubaliane na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi, Nyerere akakataa, Mtei akajiuzulu. Yaliokataliwa yakaja kufanywa 1986 chini ya rais Mwinyi, na kwa uchungu zaidi.

Chapaa_Malindi:
Sawa dada nimekubali lakini bado nasema wao. Sisi lini?

BintiMambrui:
1992. Ulikuwa hujazaliwa pengine 🙂 Uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, na pembeni kashfa ya Goldenberg, watu walilipwa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi wakati Kenya almasi haina na dhahabu yake ni chache, na benki kadhaa zikawa zachota Benki Kuu mchana kweupe. Noti za 500 mpya zikajaa mpaka zikapewa jina, Jirongo, kwa sababu ya Cyrus Jirongo aliyeongoza zile kampeni za vijana wa KANU, chama tawala. Mfumuko wa bei wa 1993 wastani wake ni asilimia 46, mpaka leo hatujaona mwengine kama huo. Dola mwisho wa mwaka huo ikafika 68.

Alafu sehemu ambayo watu hawaisimulii. Micah Cheserem akaingia ugavana wa Benki Kuu 1993 akaanza kuzifagia hizo pesa kwa kuuza dhamana za serikali, riba ya dhamana za siku 91 ikapita asilimia 80. Themanini! Nani mwenye akili atamkopesha mvuvi wakati serikali yampa 80 amekaa? Pesa zikafagiliwa kweli, shilingi ikapona, lakini serikali ikabaki na deni la ndani kubwa na benki zikajifunza kula kwa serikali. Hio tabia bado tunayo.

Mzee_wa_Mkunguni:
Jirongo naikumbuka. Ilikuwa haina mikunjo.

MachungwaMuheza:
Mimi sio mtu wa M3 lakini hizi shilingi mbili ndo kazi yangu, natoa machungwa Muheza nayaleta soko la Malindi, msimu na msimu. Pale mpakani Horohoro wabadilishaji wapo na mabunda yao, na kila siku bei yake. Sasa nawauliza wasomi: Januari 2024 shilingi yetu moja nilikuwa napata 15 na senti zake. Aprili mwaka huohuo 19. Miezi mitatu tu! Mnataka kuniambia Tanzania walichapisha robo ya pesa zao ndani ya miezi mitatu? Machungwa yaleyale, shamba lilelile, mimi gharama yangu imeshuka kama sehemu moja kwa tano na mwenye shamba hajui kwanini natabasamu.

Baharia_wa_Langoni:
😂😂 Hapana ndugu yangu, hapo ujazi hauna kesi. Sisi tulikuwa na Eurobond, deni la serikali kwa wakopeshaji wa ng'ambo, ya dola bilioni 2 yakaribia kulipwa Juni 2024 na kila mtu alikuwa aogopa tutashindwa, wenye dola wakazikalia, dola ikafika 160. Februari serikali ikakopa bilioni 1 na nusu mpya, hofu ikatoka, na kufika Aprili dola iko 130. Yao haikusogea sana. Kwahivo bei ya leo na kesho ni hofu na dola, bei ya miaka kumi ndo ujazi. Ukichanganya hizo mbili utabishana mpaka alfajiri.

Kiunga_Boy:
Mkimaliza za Tanzania njooni huku kwetu Kiunga mpakani muone maajabu. Somalia serikali ilianguka 1991, benki kuu hakuna, na shilingi yao ikaendelea kutembea! Wafanyabiashara na wababe wa vita wakawa waagiza noti zao wenyewe kutoka mitambo ya nje, IMF walisema kama asilimia 98 ya noti zilizoko ni bandia, na watu wazijua ni bandia na wazipokea. Sa hapo ujazi anaudhibiti nani? Wazee wetu wasema noti ya elfu iliposhuka thamani mpaka ikakaribia gharama ya kuichapa na kuisafirisha, uchapaji ukajisimamia wenyewe. Hivi sasa mambo makubwa yote ni dola kwenye simu, shilingi yabaki ya chai na miraa.

Chapaa_Malindi:
Eti bandia na wazijua 😂 Kiunga mna mambo. Sa dadangu BintiMambrui nami nina langu, hii M-Pesa je? Tangu ije 2007 pesa zaruka tu hewani, mbona hio haihesabiwi ni kuchapisha? Nikiwa na elfu kwenye simu sio elfu mpya?

BintiMambrui:
Sio mpya. Ulimpa wakala elfu ya noti ndo ukapata elfu ya simu, na kila shilingi ya simu lazima iwe na mwenzake kwenye akaunti ya amana benki. Kilichobadilika ni mwendo. Zamani elfu ya mvuvi wa Kizingitini yalala chini ya godoro mpaka Idi, leo asubuhi iko kwake, saa nne iko kwa muuza barafu, adhuhuri iko Mombasa kwa fundi. Elfu moja yafanya kazi ya elfu tatu. Kwahivo ujazi uleule waweza kusukuma biashara zaidi, na pesa ya chini ya godoro ikiingia benki, benki yapata amana ya kukopeshea, hapo ndo mlango wa nyuma wa ujazi kuongezeka.

Na hii yaeleza kitu kwenye namba za mwanzo wa uzi. M3 yetu ni zaidi ya theluthi ya pato la taifa, ya Tanzania ni kama robo. Wao wana watu wengi zaidi ambao pesa zao haziko benki na ambao hawakopeshwi. Wengi husikia "ujazi mdogo" wakadhani ni nidhamu. Kwa Tanzania ya leo nidhamu ipo lakini na ukosefu wa mikopo pia upo, na mkulima wa machungwa wa Muheza akikosa mkopo wa pampu hatakushukuru kwa mfumuko mdogo.

MachungwaMuheza:
Hio ya mwisho ni kweli tupu. Wao huniomba mimi niwape pesa kabla ya msimu, mimi ndo benki yao. Na riba yangu siisemi hapa.

Baharia_wa_Langoni:
Usiseme, wazee wamo humu 😄

Lakini tusiwaonee Watanzania kwa mambo ya juzi. Ukiangalia kuanzia 2010 uwiano wa shilingi zetu haujaenda mahali, wachezacheza kati ya 15 na 23. Pengo lote lilichimbwa kabla ya hapo, kubwa kabisa likafunuliwa kati ya 85 na 90, jengine likaongezeka polepole baada ya 2000. 2011 tuliungua pamoja, mwisho wa mwaka ule mfumuko ulikuwa karibu asilimia 20 kwetu na kwao vilevile, na Benki Kuu yetu ikapandisha riba yake mpaka 18. Baada ya hapo wao ndo wametulia kutushinda. 2022 na 2023 sisi wastani asilimia 7 na kitu, wao 4 na kitu hata chini yake.

Chapaa_Malindi:
Kwahivo wameshinda?

BintiMambrui:
Muulize mfuko wako. Miaka mingi wao walikuwa wakilenga kiasi chenyewe cha pesa, wapanga mwaka huu ujazi ukue asilimia kadhaa na benki kuu yauza au yanunua mpaka ifike. Sisi tangu 2006 twatumia riba ya Benki Kuu kama kipimo. Januari 2024 na wao wamehamia kwenye riba, wakaanza na 5.5. Hio peke yake haielezi kwanini bei zao zimetulia, wenzetu unga na mchele ni wa shambani kwao, sisi mvua ikikosa mahindi tunaagiza, tena mengine kwao. Mfumuko wetu mwingi ni wa sufuria, sio wa mtambo wa noti. Benki Kuu yaweza kupandisha riba mpaka ichoke, mvua hainyeshi kwa riba.

Ila kuna jambo moja ambalo sisi tulifanya vizuri kuliko watu wanavyotupa sifa. 2019, ili kunasa pesa chafu, noti ya elfu ya zamani ikapewa kuanzia Juni mpaka mwisho wa Septemba iwe imerudishwa. Zilikuwa kama milioni 217. Kitu kama milioni 7.4 hazikurudi, yaani bilioni 7.4 zikafa mikononi mwa waliozificha. Bei haikutikisika. Ndo uone hata pesa chafu yote ile ilikuwa tone ndani ya M3.

Mzee_wa_Mkunguni:
Kuna mtu hapa mjini alilia. Simtaji.

Kiunga_Boy:
😂😂😂 Mzee!

Amina_wa_Watamu:
Nimesoma yote kimya. Mbona hakuna aliyemtaja ndugu wa tatu? Uganda nayo ilitoka kwenye bodi ileile 1966, na leo shilingi yetu moja yapata 28 zao hivi. Kwahivo wao na Tanzania ni hali moja tu?

Baharia_wa_Langoni:
Dadangu umegusa penyewe. Hapana, sio hali moja. Uganda mwaka 1987 walibadilisha pesa, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30 kwenye kila ulichopeleka kubadilisha. Kwahivo hizo 28 unazoziona ni baada ya sufuri mbili kukatwa. Kwa shilingi ya 1966 ilioanza sawa na yetu, moja ya Kenya leo ni 2,800 zao.

MachungwaMuheza:
Kumbe Muheza ni salama. Kesho alfajiri naenda Horohoro, anayetaka madafu, yaani shilingi za Tanzania, aje inbox, ila bei ni ya huko huko, msinitajie ya Google.